Mita Sitini Kutoka Chemchemi

Mwaka wa uchaguzi, 2015, nilikuwa Murungu, wilayani Kibondo, nafyatua tofali. Kadi yangu ya kupigia kura niliichukulia Kasulu, kwa hiyo udiwani wa pale haukunihusu hata kidogo. Labda ndiyo maana nilihudhuria mikutano yote. Shule niliiacha darasa la sita, lakini ugonjwa wa kuuliza maswali haukuniacha.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyelima kabichi bondeni, hatua chache kutoka chemchemi tuliyochotea maji wote. Kabichi hizo ndizo zilizomlisha kiangazi. Wagombea wawili walipoanza kunadi sera zao za mazingira, akanituma: "Wewe mzururaji, nenda kasikilize. Uniletee walichosema, siyo walivyovaa."

Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Alikuja na spika mbili juu ya gari. Akasema mkulima wa bondeni asibughudhiwe, naye atapanda miti kuizunguka chemchemi yote.

Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa, miti gani?"

"Mikaratusi, kijana! Miaka michache tu mnauza nguzo."

Wanawake nyuma yangu wakaguna. Mmoja akapaza sauti, "Mti huo unakunywa kuliko mume wangu!" Mkutano mzima ukacheka, mume mwenyewe akiwemo.

Wa pili alikuwa bwana shamba mstaafu, mnyamahanga, kama wanavyowaita wageni kule, aliyehamishiwa Kibondo zamani akaoa hapohapo. Spika hakuwa nayo. Alisema, kama sheria inavyotaka, ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji hataki jembe wala mkaratusi. Irudishwe miti ya asili, iachwe ikue.

"Sitini kuanzia wapi?" nikauliza. "Maji ya kiangazi au ya masika?"

Akanitazama. "Wewe unapiga kura hapa?"

"Hapana, mzee. Kasulu."

"Basi shukuru. Ya masika."

Nikaenda bondeni nikapima kwa hatua. Bustani yote ya mama ilikuwa ndani. Nikamweleza bila kupamba: yule anakuachia kabichi, ila miti yake itakausha chemchemi, huyu anakuachia chemchemi, ila bustani huna.

Alikuwa anachambua maharage. "Hakuna anayenipa vyote?"

"Hayupo."

"Wanaume!" akasema, akaendelea kuchambua.

Asubuhi akamfuata bwana shamba nyumbani kwake, mimi nyuma.

"Shemeji, kura yangu unayo. Lakini kabichi hazijafunga. Ukishinda, niondoe nikishavuna."

"Shemeji, sheria haisubiri kabichi."

"Na kabichi hazijui sheria."

Bwana shamba alicheka mpaka akashika mlango. Akakubali, tena akaahidi kumpimia mwenyewe matuta ya kukinga maji huko mlimani atakakohamia.

Alishinda kwa kura chache, na kila mwanamke pale kwenye chemchemi akadai kura iliyomvusha ni yake. Siku alipokuja na kamba ya kupima zile mita sitini, kabichi ya mwisho ilishauzwa. Mama alishika ncha moja mwenyewe, akaivuta ikakaza, isimpunje hata hatua moja. Kisha akatwaa jembe, tukapanda mlimani wote watatu, diwani akiwa mbele na vijiti vyake vya kupimia.

Udongo wa kule ulikuwa na mawe. Mama alilima mistari miwili, akanyoosha mgongo, akatazama chini.

"Bustani ile nilikuwa naipenda," akasema. Halafu akamgeukia diwani: "Shemeji, hilo tuta lako limepinda. Rudia."