Chaneli ya Kushoto na Mama Mkwe

Jamani, aibu hii nimeibeba miaka mingi na pale Tunduma bado wapo wanaonisimulia kwa kutia chumvi, basi leo nawapa mwenyewe, bila chumvi, kwa sababu ilivyo tu inatosha.

Kwanza mjue kwamba mimi si fundi wa kubahatisha. Miaka ile simu za tochi ndiyo zimeshika kasi, ukitaka muziki wa gari upige mpaka vioo vitetemeke ulimuulizia Fundi Aroni, kibanda cha bati karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na Wazambia walikuwa wanatoka Nakonde kunifuata (mafundi kwao wapo, lakini walinifuata mimi). Na mwaka huo nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa kina Rehema, jibu bado, na mimi usingizi sina.

Asubuhi moja likaingia gari la Kenani, kaka yake Rehema. "Mulamu!" akaniita (yaani shemeji, na moyo wangu ukaruka kwa furaha). "Spika za kushoto zimezima tangu Vwawa. Ziangalie, mimi navuka mara moja kufuata mzigo."

"Mulamu, ukirudi utakuta disko," nikamwambia. Akaenda zake. Ndipo nikaona kiti cha mbele, kushoto, kuna mtu: mama yao mzazi, mguu unamsumbua, hashuki, amepakata kuku.

Hapo mnielewe vizuri. Kwetu Wanamwanga mama mkwe humkaribii, humtazami usoni, wala hamsemeshani mpaka mila zote ziishe, na mimi barua yenyewe haijajibiwa. Niingie mbele nikae naye bega kwa bega eti nashika redio? Thubutu! Nikainamisha kichwa, nikazunguka nyuma kama mwizi, nikafungua buti, maana amplifaya ilifungwa humo.

Na kusema kweli hata huko nyuma ningeweza kumaliza kazi. Kila fundi anajua: zile waya mbili za sauti zinazotoka kwenye redio unazibadilisha nafasi, ya kushoto unachomeka kulia, ya kulia unachomeka kushoto. Ukimya ukihamia upande wa pili, amplifaya ni nzima, kosa liko mbele. Ukibaki palepale, kosa ni la amplifaya au spika. Nusu dakika tu. Lakini watu walishajaa, madereva wa malori, wabadili fedha, bodaboda, na kubadilisha nafasi za waya ni kazi isiyo na mbwembwe, na mimi nilitaka mama mkwe (ingawa amenipa kisogo) asikie kwamba bintiye anaposwa na bingwa. Nikatangaza kwa sauti: "Chaneli ya kushoto imekufa! Hapa ni upasuaji."

Nikafungua mfuniko, nikang'oa transista ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote, nikalehemu nyingine, nikawasha. Kulia kunaimba, kushoto kimya. Mara nikamsikia mama huko mbele anaongea na kuku wake: "Wewe kuku, ungekuwa fundi wewe, si ungeanza na hii redio?" Nikasema moyoni, masikini, uzee huo. Nikapandisha nguvu ya sauti ya upande wa kushoto hadi mwisho. Bado kimya. "Kuku wangu," akaendelea, "mtu akizungusha kitufe ili spika isimpigie kelele sikioni, hapo kuna kilichokufa?" Watu wakaanza kucheka, na mimi (Mungu anisamehe) nikawafokea, "Mheshimuni mzee wa watu!"

Kumbe mwenzenu ndiye niliyekuwa nachekwa. Mama alichoshwa na kelele za mwanawe, na Kenani aliposhuka kununua mafuta Vwawa, huku nyuma mama akazungusha kitufe cha redio kile kinachosukuma sauti upande mmoja, akapata amani yake, akanyamaza. Sasa anaona naharibu mali ya watu na mila inamzuia kunisemesha, mjumbe hana, ana kuku tu.

Uvumilivu ukamwishia. Akarudisha kitufe katikati. Weee! Ile spika ya mlangoni kwake, ambayo nilikuwa nimeifungulia mpaka mwisho, ikalipuka na kwaya nzima, kuku akatokea dirishani, mama akafungua mlango akatoka na mguu wake mbovu, akayumba, na mimi bila kufikiri nikakimbia nikamdaka. Kifuani. Mikono yote miwili. Mbele ya foleni nzima ya malori.

"Niachie!" Hilo ndilo neno la kwanza mama mkwe kuniambia.

"Mama, utaanguka!"

"Bora nianguke!"

Sikumwachia. Niliona mguu ule haumbebi, nikamshika hivyo hivyo huku watu wanapiga mayowe na miluzi, hadi nikamfikisha kwenye kigoda changu, kisha nikakimbilia nyuma ya kibanda nikajificha. Nililia, sioni haya kusema. Nilijua Rehema ndiyo basi tena. Kenani aliporudi alikuta spika imechanika, kuku yuko chini ya lori, na mama yake amegeukia ukuta.

Wazee wao wakakaa. Nikatozwa mbuzi wa kusafisha ile aibu ya kumgusa mkwe, nikapeleka dume limeshiba, halafu nikangoja jibu la barua huku nikikonda. Siku mshenga wangu alipokuja nilishindwa hata kumkaribisha kiti.

"Wamekubali," akasema. "Ila mama ana ujumbe. Anasema mwanamume aliyeambiwa aachie akakataa, huyo hatamwangusha binti yake, amchukue. Lakini gari la Kenani asiliguse tena."

Tangu siku ile sifungui mfuniko wa amplifaya yoyote kabla ya kubadilisha nafasi za zile waya, hata wanitazame watu mia, na gari likija na mkwe ndani namwambia mwenye gari amshushe kwanza. Kenani redio yake ikisumbua anavuka kwa mafundi wa Nakonde, akipita kwangu anapiga honi kunikejeli. Namwacha apige. Mke ninaye.