Kinanda cha Baba Koku

Siku yangu ya kwanza kwenye maktaba ya muziki ya redio, Fundi Mkuu aliitikia shikamoo yangu akiwa ananivalisha hedifoni. Akaweka santuri ya roki ya zamani, magitaa yananguruma kama lori linapanda mlima.

"Unasikia nini?"

"Kelele, mzee. Mimi ni mtu wa kwaya."

"Chini ya hizo kelele kuna kinanda. Kitafute."

Mwanzo nilikuja redioni kufagia. Cheti changu cha masomo ya jioni ndicho kilinipeleka maktaba. Kila rekodi ilikuwa na kadi, na kwenye kadi uandike ni sintesaiza gani, yaani kinanda cha umeme, imepigwa na nani kaipiga. Fundi Mkuu alinifundisha. Ya analojia inatengeneza sauti kwa saketi za umeme. Ikipata joto noti zinayumba, kama mwimbaji aliyechoka. Ya kidijitali haiyumbi, inalia safi kama glasi. "Usisikilize noti inavyozaliwa," alikuwa akisema, "sikiliza inavyokufa." Vijana wa leo wanatazama picha kwenye jalada la santuri, basi, wameshajua! Jamani, kinanda cha kupigia picha hata mimi naweza kuazima.

Fundi Mkuu alipostaafu, akaja Meneja wa Vipindi, mtu wa kompyuta. Ndipo Mama Koku akafika kutoka Nyaishozi kwa bodaboda, amepakata kinanda kimefungwa kitenge. Marehemu mumewe, Protazi, aliimba na kupiga roki na wenzake enzi hizo. Wimbo wao tulikuwa nao kwenye kanda, kadi imeandikwa "mpigaji hajulikani". Mama wa watu alitaka jina la mumewe liandikwe, hakuna kingine.

Kinanda kile kilikuwa na kibao kimoja kibovu, cha re, kinakwaruza. Kwenye kanda mkwaruzo ulikuwepo, lakini kwenye kibao cheusi kinachofuata.

"Sicho," akasema Meneja. "Ubovu hauhami, mama."

"Kwa hiyo Baba Koku alinidanganya miaka yote?"

Meneja akatazama saa yake. Mimi nikamuuliza, "Mama, walirekodia wapi?"

"Alinisimulia ni kwao, sebuleni, kabla hajanioa. Umeme ungetoka wapi? Kinanda kilikuwa na betri zake; rekoda ilitumia betri ya gari, nayo ilikuwa imechoka."

Nilitamani kujipiga kofi. Betri ikichoka, rekoda inazunguka polepole. Ukija kuipiga kanda hiyo kwenye mashine nzima, inakimbia, na sauti zote zinapanda. Nikapunguza kasi, kidogo kidogo, mpaka Mama Koku akashika mdomo.

"Hapo! Hiyo ndiyo sauti yake. Mwanzo nilidhani ni mtoto anaimba."

Mkwaruzo ukaangukia kwenye re.

"Kumbe ni kasi tu," akasema Meneja. Kasi tu! Nikaandika kadi kwa mkono wangu: Protazi, sintesaiza ya analojia, kibao cha re kibovu.

Sasa nimeacha kazi, masikio yanavuma, niko na migomba na kahawa yangu. Lakini redio naisikiliza. Wimbo ule ukipigwa, mtangazaji anasoma kwenye kompyuta, ambako hakuna aliyejisumbua kuhamishia kadi: "Mpigaji hajulikani." Nawapigia simu. "Tutarekebisha, mama." Wiki inayofuata, yale yale. Bwana ametuagiza kusamehe, nami nimesamehe mengi. Hili linanishinda.

Kanisani tunakaa benchi moja na Mama Koku. Halaumu. Ananiuliza tu, "Umewapigia?"

Nimewapigia vya kutosha. Kesho asubuhi napanda bodaboda. Kadi iko kule maktaba, kabatini, droo ya tatu. Nitawasomea mwenyewe.