Tulimpeleka Bosco Misikhu peke yake, akarudi Kibomet kwa miguu

Wakuu wa jukwaa, mpo? Watu wa Bungoma, mulembe. Wengine wote, sasa.

Mimi huwa nasoma nyuzi za watu na kupita kimya. Leo naandika. Ile nimeona na macho yangu nitasema nimeona, na ile sikuona nitasema sikuona. Mwenye kubisha abishe, lakini asome hadi chini kwanza.

Mimi ni fundi wa mageti hapa Kibomet, Kitale. Workshop iko mbele, nyumba iko nyuma, kelele iko kila mahali. Ukipita hapo mchana utasikia grainda kabla hujaona bango.

Mbwa si mambo yangu. Mtu wa mbwa ni mke wangu, Wanjiru. Huyo akiona mbwa amelala vibaya kando ya barabara lazima asimame, kama vile anajuana naye. Anaokota wale wametupwa, daktari wa mifugo anawadunga chanjo na kuwafunga uzazi, halafu Wanjiru anawatafutia watu wa kuwachukua. Sio shirika, sio ofisi. Ni yeye na simu yake na unga wa nyumba yangu.

Sasa, kuna ploti hapa karibu mpangaji alihama na vyombo vyote akaacha mbwa wawili ndani ya uzio. Majirani walikuwa wanawarushia makombo. Wanjiru akaenda akawatoa.

Dume lilikuwa kubwa, rangi ya udongo, kichwa kama cha ndama. Tukaliita Bosco. Jike lilikuwa kitu kidogo tu, jeusi, masikio yamesimama, mbavu unazihesabu ukiwa mbali. Hilo tukaliita Kasichana.

Bosco alinishangaza siku ya kwanza. Nilikuwa nakata bomba na grainda, cheche zinaruka, na yeye akaja akalala hapo hapo karibu na miguu yangu. Akakoroma. Kasichana alikuwa amekimbilia nyuma ya choo.

Nikamwambia Wanjiru, huyu ni mbwa wa fundi. Hana wasiwasi. Wateja wote wakamsifu, ati mbwa mtulivu, mbwa ana akili, hashtuki ovyo.

Na bado alikuwa mkali. Mtu akija kwa geti, Kasichana alikuwa anaanza na kale kasauti kake, halafu Bosco anaamka. Wakuu, Bosco akibweka unahisi kwa kifua. Kuna mteja aliacha kofia yake kwangu na hajawahi kuirudia.

Hao wawili walikula pamoja, wakalala pamoja mgongo kwa mgongo. Hilo tuliliona kila siku na hatukulifikiria.

Basi. Kuna mama mmoja wa Misikhu nilimtengenezea geti. Mama Wafula. Mzee wake alifariki, watoto wako kazini mbali, anaishi peke yake kwa boma kubwa lenye migomba na zizi. Nikiwa bado naweka hilo geti akanieleza shida yake.

Wezi walikuja wakamchukulia ng'ombe. Kijana wake Wafula anafanya kazi ya serikali Bungoma mjini, na aliposikia akasema imetosha, Mama anahamia kwake mjini. Mama hakutaka. Kaburi la mzee liko hapo nyuma ya nyumba, kanisa lake liko hapo, akina mama wenzake wa maombi wako hapo. Aliniambia hivi akiwa ameshika nguzo ya geti ambayo simiti haijakauka, na sikumwambia aiachilie.

Wakabishana wee, mwishowe wakakubaliana. Mama aweke geti, na atafute mbwa mkali. Wafula akija akipata kuna ulinzi, Mama atabaki. Akipata hakuna, Mama atafunga virago.

Nikamwambia, Mama, mbwa niko naye.

Akauliza kitu kimoja tu, kama ni dume. Nikasema ninao wawili wamezoeana, dume na jike. Akakataa jike kabisa. Mnajua huku kwetu. Jike ni kujaziwa boma na watoto wa mbwa na madume ya kijiji kizima. Nikamweleza amefungwa uzazi, akaniangalia vile unaangalia mtu anakuuzia dawa ya kuotesha nywele. Dume peke yake, akasema. Na nimlete kwa gunia.

Kwa wale hamjui hii, mbwa akipewa mtu mwingine anawekwa ndani ya gunia, linafungwa mdomo, linasafirishwa hivyo, asione njia asije akarudi alikotoka. Babangu alifanya hivyo, na nyinyi wengi baba zenu walifanya hivyo.

Wanjiru kusikia gunia akawaka. Akasema mbwa si mahindi. Akampandisha Bosco nyuma ya pikapu, akamfunga na kamba vizuri, akaketi naye huko nyuma njia yote. Kiminini, Kamukuywa, hadi Misikhu, karibu saa nzima ya gari, Bosco amesimama pua iko juu anakula upepo.

Kasichana alibaki kwa geti letu. Alilia mpaka nikafunga dirisha la gari.

Mama Wafula alimpokea Bosco kwa heshima. Alikuwa amempikia ugali na matumbo. Akamzungusha mawe ya jiko mara kadhaa, ati ajue moto wa nyumba. Tukarudi Kitale tumefurahi, na Wanjiru akampigia dada yake kumwambia mbwa amepata nyumba ya upendo.

Hatukujua kilichofuata. Hii ni Mama alinieleza kwa simu.

Bosco alikuwa hali vizuri. Alikuwa hasumbui, habweki, anamfuata Mama akimwona na asipomwona analala chini ya ghala. Mama akajipa moyo ni ugeni.

Halafu Wafula akaja bila kusema anakuja. Alifungua geti, likalia vile geti mpya hulia, akatembea na viatu vyake vya ofisi hadi kwa ghala. Bosco amelala. Wafula akamruka. Bosco amelala. Akaingia jikoni akamkuta Mama anachambua mboga, akamuuliza, “Mama, hii ni mbwa ama ni mkeka?”

Wafula si mtu mbaya, wakuu, msianze kumtukana huko chini. Alikuwa anaogopa siku atapigiwa simu aambiwe mamake ameumizwa. Akamwambia apange vitu, Jumamosi atakuja na gari.

Na kesho yake Bosco akapotea. Kamba aliyofungwa nayo usiku imekatwa na meno.

Mama hakunilaumu. Alisema tu, “Baba, nilikuambia gunia.” Halafu nikasikia analia.

Tulitafuta. Nikapigia simu watu wa Kamukuywa, watu wa boda Kiminini, hakuna. Nilijua ameshagongwa. Hiyo barabara mnaijua, matrela ya Lodwar yanapita hapo kama yana hasira. Wanjiru hakuwa ananisemesha, na Kasichana hakuwa anakula.

Sasa hapa ndio sehemu yenyewe.

Nilikuwa nachomelea dirisha la mteja, mwenyewe amesimama hapo anangoja. Kasichana alikuwa amelala pale nyuma, mgonjwa mgonjwa. Ghafla akainuka. Akapita katikati ya cheche zangu, yeye ambaye anaogopa grainda kuliko kifo, akajirusha kwa geti na kifua. Akarudi nyuma akajirusha tena.

Nikafungua nione ni nini. Barabarani hakukuwa na kitu. Nikaangalia tena, huko chini kabisa upande wa mjini, kuna kitu rangi ya udongo kinakuja kinachechemea.

Wakuu, nilitupa miwani ya kuchomelea chini nikakimbia. Mimi na kitambi changu.

Alikuwa Bosco. Nyayo zimechubuka mpaka nyama, kipande cha kamba bado kiko shingoni. Misikhu hadi Kitale, akavuka mji mzima, akakunja barabara ya Kibomet, akafika. Njia alipitishwa mara moja tu, nyuma ya pikapu, tena kwa upande wa kwenda.

Kasichana alimfikia kabla yangu. Hakuruka ruka. Alimsimamia mbele, akaanza kumlamba masikio. Hili la kulia, hili la kushoto, polepole, kama mama anaosha mtoto. Bosco amefunga macho.

Tulipomfikisha mbele ya workshop Wanjiru akatoka na sufuria ya maji, na kwa ile haraka kifuniko kikamponyoka, kikaanguka kwa simiti nyuma ya Bosco. Kishindo chake kilinishtua hata mimi. Kasichana aliruka. Jirani alichungulia dirishani.

Bosco hakugeuza hata sikio.

Tukaangaliana na Wanjiru. Akaokota kile kifuniko, akakipiga na kijiko nyuma ya kichwa cha Bosco. Hakuna. Nikawasha grainda nyuma yake. Hakuna. Nikapiga mluzi, nikaita jina lake, nikaita tena. Alikuwa anamwangalia Kasichana tu.

Mbwa huyo ni kiziwi. Kiziwi kabisa, na daktari alikuja akathibitisha, akasema pengine amezaliwa hivyo.

Kumbe ule utulivu wote tuliosifu haukuwa utulivu. Na ule ukali wa getini, kazi ya kusikia ilikuwa ya Kasichana. Yeye anasikia, anamgusa, Bosco anaamka, anatazama kale kauso kameelekea wapi, ndipo anabweka. Tuliishi nao, tukawalisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona.

Niliketi kwa ndoo ya rangi. Nilikuwa nafikiria ile barabara. Trela linakuja nyuma yako na husikii, honi husikii, breki husikii. Na ukatembea tu, kwa pua peke yake, kwa sababu kuna mtu umemwacha. Niliona aibu kulia mbele ya mteja, lakini nililia.

Jumamosi tukaamka mapema tukawapakia wote wawili. Kwa simu nilikuwa nimemwambia Mama tu kwamba amepatikana na tunakuja.

Tulikuta sufuria ziko ndani ya karai, blanketi zimefungwa na leso, Mama ameketi kwa kiti mlangoni na nguo za kanisa. Alimwona Bosco, akamwona Kasichana.

“Hii ni jike,” akasema.

“Ndio, Mama. Lakini huyu mkubwa ni kiziwi. Huyu mdogo ndiye masikio yake.”

Nikamweleza yote. Wanjiru akainua mguu wa Bosco akamwonyesha zile nyayo. Mama alizishika kwa mkono wake muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba afadhali tulikataa gunia, kwa sababu ndani ya gunia Bosco asingejua njia na angekufa hapo na huzuni. Akaingia ndani akaleta maziwa, bakuli mbili.

Tukanywa chai. Mbwa wamelala chini ya ghala. Mimi roho iko juu, kwa maana Wafula yuko njiani na sijui kama hii kitu itafanya kazi kwa boma geni.

Mimi sikusikia gari. Wanjiru hakusikia. Kasichana aliinua kichwa.

Akageuka, akamshika Bosco sikio na meno, kidogo tu, kama kuvuta nguo ya mtu. Bosco akasimama wima. Akaangalia uso wake, akaangalia mahali unaangalia, akaenda. Ndio sasa tukasikia injini huko barabarani.

Wafula alipofika getini alishika komeo, na Bosco akafungua mdomo wake. Kuku waliingia migombani. Kijana aliachilia hilo komeo kama ni moto.

“Mama, shika mbwa!”

Mama alikuwa na kikombe mkononi. Alikunywa chai yake. Akaongeza sukari, akakoroga.

“Mama!”

“Nakunywa chai, Wafula.”

Alipomaliza ndipo akaenda kumfungulia, amemshika Kasichana shingoni, na Bosco akatulia. Wafula akauliza kama hii ni ile mbwa ya juzi. Mama akasema ndiyo ile. Wafula akamtazama, akamtazama yule mdogo, akaniuliza ilikuwaje, nikamwambia. Alisikiliza mikono iko kichwani. Halafu akaenda mlangoni, akainama, akafungua ile leso ya blanketi yeye mwenyewe, na karai la sufuria akarudisha jikoni.

Funzo langu ni fupi. Ukienda kuchukua mbwa aliyetupwa, usiulize tu ni dume ama jike, ni mkali ama si mkali. Uliza alikuwa anaishi na nani. Na kama unatoa mbwa, angalia analala karibu na nani, usiwatenganishe ili kumfurahisha mteja. Sisi tulibahatika, kwa sababu Bosco alifika.

Mama Wafula alinipigia wiki hii. Anasema Bosco akiwa amelala mbali wakati wa chakula hajisumbui kumwita. Anamwambia Kasichana, “Nenda umwambie.”

Na anaenda kumwambia.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kama una mnyama amewahi kukuacha mdomo wazi, weka hapa nisome. Na wewe ambaye tayari unaandika ati mbwa ni mbwa tu, futa, nenda Misikhu, simama hapo kwa geti. Utarudi kutuambia.