Maksai Wawili na Seva Mpya

Mtu wa ofisi akikupigia simu akaanza kukuuliza watoto hawajambo, nyumbani kwema, biashara inaendaje, mvua huko Kahama zimeanza, ujue kuna kitu kimeungua. Bwana mifugo aliyenipigia siku hiyo alinijulia hali mpaka nikachoka kuitikia. Mwisho akasema. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na seva iliyokuwa ikitunza chapa za ng'ombe wa eneo zima ikatoa moshi na kunyamaza. Walishapata mashine mpya. Kilichobaki, alisema, ni kuhamisha tu. Hilo neno "tu" ndilo lililonizeesha kwenye kazi hii.

Nilishuka kwenye mji wao mdogo, njia ya kwenda Kharumwa, asubuhi, mgongo unauma na begi la laptopu limenikata bega. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema bwana mifugo, akanionyesha meza. Kwenye benchi karibu na mlango alikuwa amekaa mzee mmoja, fimbo katikati ya magoti. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mayu," akaitika. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mzee akikuita hivyo amekupa heshima yako, hata kama kwa umri ni sawa na baba yako.

Nikauliza kama na yeye alikuwa na kazi na kompyuta. Bwana mifugo akanieleza. Maksai wawili wa mzee, wale wa kuvuta plau, walitoka zizini wakapotelea kwenye mashimo ya wachimbaji. Wakakamatwa, wakafungiwa nyuma ya ofisi. Kesho yake ulikuwa mnada, na mnyama ambaye mwenyewe hajathibitishwa huuzwa. Uthibitisho wenyewe ni mmoja, ripoti ya chapa kutoka kwenye mfumo. Barua za vijiji walishaacha kuzipokea, kwa sababu wezi wa ng'ombe walijua kuziandika vizuri kuliko wenyeviti. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, wenzake wote wako shambani, na mzee alikuwa hapo kwenye benchi akiisubiri mashine.

Kwa kweli nilikasirika. Nilidhani nimekuja kuhangaika na waya, kumbe nimekuja kuhangaika na shamba la mtu. Seva ikigoma hivi hivi, unaiacha, unakunywa chai, unarudi. Lakini mtu akiwa amekaa nyuma yako anaingoja, hiyo chai huinuki kuifuata.

Programu ya ripoti ilikuwa ya zamani, na aliyeitengeneza alishaondoka, hakuna anayejua alikoenda. Niliitoa kwenye diski ya mashine iliyoungua, nikashukuru Mungu diski ilikuwa nzima, nikaiweka kwenye seva mpya. Nikafungua ukurasa. Ukakataa. Mashine hizi za siku hizi haziendeshi programu za kizamani mpaka uziambie waziwazi kwamba huyu mzee ni wa kwetu, mruhusuni apite. Nikatafuta mahali pa kuruhusu, nikaruhusu, nikaizima na kuiwasha. Ukurasa ukafunguka mweupe, hauna hata herufi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nikagundua seva haina ruhusa ya kusoma folda yake yenyewe. Nikaipa. Ikadai kiunganishi cha kanzidata, kile cha toleo la zamani, si kipya. Nikakitafuta kwa mtandao wa simu yangu, bando langu, na mtandao wenyewe unakuja na kuondoka. Bwana mifugo alikuwa akipita nyuma yangu kila baada ya muda kidogo akiuliza tumefikia wapi. Nilimjibu vizuri mara ya kwanza. Baadaye nikamwambia akanunue karatasi za printa, ambazo hata hazikuwa zimekwisha.

Wakati kiunganishi kinashuka, taratibu, nikageuza kiti nikaongea na mzee. Nikamuuliza hao maksai aliwafuga mwenyewe tangu ndama? Akasema hapana, walikuja na mahari ya binti yake wa mwisho, aliyeolewa Buseresere. Walikuja wadogo, akawafundisha plau mwenyewe, na sasa wakifika mwisho wa tuta wanageuka bila kuambiwa. Nikamwambia hongera. Akatazama fimbo yake. Mimi nikageukia kioo, maana kiunganishi kilikuwa kimeshuka.

Mchana ripoti ikafunguka. Majina yakatokea, vijiji vikatokea, ila pale panapotakiwa picha ya chapa palikuwa na kisanduku kitupu. Ripoti bila chapa haina maana, kwani atalinganisha na nini? Nikainamisha kichwa kwenye meza. Nilikuwa nimechoka mwili na roho, na sioni aibu kusema kwamba machozi yalinilenga kwa ajili ya kisanduku. Halafu nikakumbuka kuangalia folda ya picha. Ilibaki kwenye diski ya zamani. Nikaihamisha, nikaionyesha seva ilipo, nikafungua ukurasa tena.

Chapa zikaja, moja baada ya nyingine, duara, msalaba, pembe. Bwana mifugo akapiga makofi. Tukatoka wote mpaka zizini, akapiga picha ya chapa iliyo kwenye paja la maksai, duara lenye mkia. Tukarudi, nikaitafuta. Ipo. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi, nami nikampa bwana mifugo nikiwa na furaha ya kijinga kabisa.

Akaisoma. Akaisoma tena. Akamuuliza mzee jina lake, kana kwamba hakuwa amelisikia tangu asubuhi. Jina lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa la mkwe wake, yule kijana wa Buseresere.

Mzee hakushtuka kama nilivyoshtuka mimi. Alisema ndiyo, chapa ni ya mkwe, yeye hakuwahi kuwapiga ya kwake juu ya ile. Kwao ng'ombe wa mahari hawachomwi haraka. Ukifanya hivyo wakwe watasema ulikuwa unauza binti, na sasa unaficha mali. Unasubiri ndoa ikae, watoto wapatikane. Lakini kijiji kizima kinajua maksai ni wake, na alidhani kinachojulikana na kijiji kizima, kompyuta ya serikali nayo inakijua.

Haikijui. Ilijua kile tu ilichoandikiwa, na mimi ndiye niliyeshinda siku nzima nikiibembeleza ikiseme. Nilitamani kisanduku kingebaki kitupu.

Bwana mifugo si mtu mbaya. Alisema hana namna, lazima ampigie mwenye jina. Akampigia, akaweka sauti ya nje. Kijana alipokea kwa kelele. Alisema ng'ombe ni wake, kesho anakuja na gari kuwachukua, na kama si ng'ombe basi mke wake, maana alimkimbia na kurudi kwao, na hawezi kukosa vyote viwili.

Ndipo nikajua binti alikuwa amerudi. Mzee akanyanyuka kwenye benchi kwa mara ya kwanza, akaja mpaka kwenye meza.

"Muulize," akamwambia bwana mifugo. "Akiwachukua hao, amemalizana na sisi?"

Bwana mifugo akauliza. Kijana akasema ndiyo, akipata ng'ombe wake amemalizana nao, mke abaki kwao. Mzee akasema arudie, na huyu mama hapa asikie. Kijana akarudia. Nikasema nimesikia.

Nilimwambia mzee pole. Nilimwambia kama ningejua, ningechelewesha. Akasema mkewe na yeye watalima kwa jembe la mkono, walishawahi kulima hivyo kabla hawajazeeka. Kisha akatoa kisimu chake, akampigia mkewe, akaongea Kisukuma, nacho nakielewa. Kwa maongezi yao nikajua kwamba binti yao, tangu aliporudi jicho limevimba, hajafungua begi lake. Hulala ameliweka chini ya kichwa, na pikipiki ikipita nje hulikumbatia akingoja kuitwa arudishwe kwa mume.

"Mwambie atoe nguo kwenye begi," mzee akasema. "Azitundike."