Bega la Delmar Hruska

Delmar Hruska alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi yake yalikuwa ya kuisifia bunduki ya baba yake. Ilikuwa .30-06 ya zamani, ya risasi nzito, ubao umelainika pale shavu linapolala, chuma kimepauka kwa kushikwa na mikono ya watu wawili. Baba huyo, Mzee Emil, aliwindia hiyo mpaka alipofariki, kisha ikaenda kwa Delmar, ingawa kaka yake Lyle ndiye mkubwa. Lyle alipewa ardhi na kambi ya kuwindia. Huku kwetu kaskazini ya Wisconsin hakuna aliyesema Delmar kapunjwa.

Nilimfahamu kiwandani, pale tunapotengeneza karatasi. Yeye alikuwa kwenye mashine ya kunyanyulia marola, na ndiyo hiyo iliyomvunja. Mnyororo uliteleza, ukamkamata bega la kulia, madaktari wakamfunga vyuma na skrubu ndani. Walimwambia arudi kazini taratibu na asahau kabisa bunduki nzito. La kazini tulilisikia wote. La bunduki alilijua binti yake tu, Corinne, kwa sababu ndiye aliyekuwa anamwendesha hospitali.

Sasa, ungemwambia Delmar asahau kuwinda, angebaki na nini? Mkewe Bernadette alishakufa kwa kansa. Nyumba ilikuwa na televisheni na mbwa kiziwi. Mwaka mzima yule mzee alikuwa anaishi kwa ajili ya wiki moja ya Novemba, msimu wa kulungu, kwenye kambi ya kina Hruska, na kaka yake, na watoto wa kaka yake, na mimi, ambaye alinikaribisha tu kwa sababu sikuwa na kwa kwenda.

Kambi ile ina sheria zake. Ukipiga risasi ukakosa, jioni wanakukalisha kwenye kiti, wanakata shati lako kwa nyuma, kile kipande wanakipigilia ukutani na jina lako juu yake. Hapo watu wanacheka mpaka bia inawatoka puani. Lakini ukijeruhi kulungu, ukamwacha akafia porini, hilo halina mkasi wala kicheko. Unafunga mizigo na hurudi tena. Mzee Emil ndiye aliyeiweka hiyo, na kwa sheria hiyo alimfukuza ndugu yake mwenyewe, Leonard. Mpaka wanazikwa walikuwa wanasalimiana kanisani tu.

Misimu miwili ya kwanza baada ya ajali, Delmar alikosa. Mara ya kwanza akasingizia darubini, mara ya pili tawi. Mashati mawili yakaenda ukutani. Lyle akawa anamuuliza mbele ya watu kama anataka wamfungie kulungu kwenye mti. Wote tulicheka, na Delmar alicheka.

Corinne hakucheka. Jumapili moja ya Oktoba alitupeleka mimi na baba yake kwenye machimbo ya kokoto, akabandika sahani ya karatasi kwenye boksi, akasema yeye ndiye atakayempakilia baba yake risasi ili asilichoshe bega. Akageuka kidogo, akafunga bunduki, akampa. Delmar akalenga, akavuta.

Ikalia tik. Haikuwa na kitu ndani. Lakini mtutu uliinama wenyewe kama mtu aliyepigwa kofi la kisogo, na bega likaruka nyuma kukimbia mshindo ambao haukuwepo.

"Haikuwa na risasi, baba," Corinne akasema.

"Nimeona."

"Hujaona. Ulikuwa umefumba macho."

Delmar akakaa juu ya jiwe. Akawa anaisugua bunduki kwa mkono wa koti pale ambapo hapakuwa na uchafu. Mimi nikaenda kuangalia sahani, ingawa nilijua haina tundu.

Corinne akamweleza, na hakupamba maneno. Alimwambia kulungu wawili amewakosa na ashukuru, kwa sababu bega likishaogopa bunduki, risasi inakwenda popote, na siku moja itakwenda tumboni. Akimpiga mmoja tumboni akampoteza, kambi imekwisha. Ndiyo maneno yaliyomnyanyua pale kwenye jiwe.

Tulikwenda kwa Orrin Schuh, mwenye duka la bunduki, mtu mwenye ndevu za njano kwa tumbaku. Orrin akaweka tatu juu ya kaunta. Ya kwanza .243, laini kabisa, haikuumizi. Delmar hakuigusa hata kwa kidole. Ile kwetu wanapewa watoto wa miaka kumi na miwili.

"Kulungu hasomi namba iliyoandikwa kwenye ganda," Corinne akamwambia.

"Lyle anasoma."

Ya pili .270. Orrin mwenyewe akaisogeza pembeni, akasema ukiiacha .30-06 kwa ajili ya bega, hiyo haikupunguzii kiasi cha kutosha. Akabaki na ya tatu, 7mm-08. Akaeleza kwamba risasi yake ni nyepesi kuliko aliyozoea Delmar lakini inaingia ndani vizuri, na kwenye kinamasi chetu cha mierezi nani anapiga mbali? Hatua mia ukizipata ni bahati. Tena akamkataza asichukue ile ya kitako cha plastiki, maana bunduki ikiwa nyepesi mshindo wote unaliangukia bega. Achukue ya mbao, nzito kidogo, aweke na mpira mnene nyuma ya kitako.

Delmar aliishika muda mrefu. Aliipeleka begani, akaishusha, akaipeleka tena. Mwisho akauliza swali moja tu, kama kwa mbali inaonekana ya mtu mzima. Orrin akamwambia hata kwa karibu.

Na alikuwa anapiga, jamani. Mwezi ule tulirudi machimboni kila alipopata nafasi. Corinne aliendelea kumchanganyia, mara ina risasi, mara tupu, na mtutu ukawa unatulia. Matundu kwenye sahani yakaanza kukaa karibu karibu, ungeyafunika kwa kiganja. Siku moja alirudi garini anapiga mluzi. Sikuwahi kumsikia akipiga mluzi.

Jioni ya kuamkia msimu tulikuwa mezani, soseji na kabichi chachu, brandi imeshazunguka. Lyle akaiona bunduki mpya kwenye kona. Akaishika, akafungua, akasoma namba, akapiga mbinja.

"Dogo, hii umeiazima kwa nani? Au Corinne ana mtoto hatujaambiwa?"

Watu wakacheka. Delmar akasema anaijaribu tu. Angeishia hapo ingekuwa salama, lakini Lyle alikuwa na brandi ndani na hadhira mbele.

"Sawa, ijaribu. Ila bunduki ya Baba siyo ya kukaa kabatini. Kama imekushinda sema, nimpe Travis."

Travis ni mtoto wake, na alikuwa hapo hapo, akatazama sahani yake. Ilikuwa nafasi ya Delmar kusema habari ya bega. Nilimwangalia, nikasubiri. Alimwaga kinywaji kilichobaki kwenye sinki, akasema anakwenda kulala.

Asubuhi aliichukua ya baba yake. Ile mpya aliiacha kwenye pikapu. Nilimwona, nikafungua mdomo, akanitazama kwa jicho ambalo lilinifunga.

Mlio wa bunduki ulisikika jua likiwa limeshachomoza, mmoja tu, kisha kimya. Nilipomfikia alikuwa ameinama juu ya theluji. Kulikuwa na damu kidogo, nyeusi, na ndani yake vipande vya majani yaliyosagwa, kijani, vinanuka. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Ilikuwa tumbo.

Kulungu aliyepigwa tumboni unamwacha alale. Ukimfuata mapema anasimama na anakwenda maili nzima. Kwa hiyo tulikaa, Lyle na wanawe wakaja, tukakaa wote. Kisha theluji ikaanza kuanguka. Ukingoja, alama zinafunikwa. Ukienda, unamkimbiza. Lyle akamwachia Delmar aamue, na Delmar akasema twende.

Tulimkurupusha kulungu pale alipokuwa amelala. Tulisikia matawi tu yakivunjika. Tukafuata tone kwa tone mpaka kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito kulikuwa kweupe, theluji bila tone. Tulizunguka mpaka giza likatutoa. Delmar alirudi wa mwisho, mkono wa kulia umening'inia kama siyo wake.

Kesho yake kunguru ndio waliotuonyesha. Dume kubwa, pembe nzuri, na nyuma yote imekwisha. Mbweha walikuwa wamempata kabla yetu. Lyle akavua kofia, akauangalia mzoga ule, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie:

"Haya, amepatikana. Hajapotea. Tumempata."

"Ameliwa akiwa hai," Delmar akasema. "Angalia chini."

Tukaangalia. Theluji ilikuwa imevurugwa duara zima, kwato zimechimba mpaka kwenye udongo mweusi, damu imerushwa hadi kwenye magome. Alikuwa amezunguka na kuzunguka akipambana nao kwa mbele huku wakimla kwa nyuma. Travis aligeuka, akatazama miti.

Lyle akamvuta mdogo wake pembeni, lakini pori lilikuwa kimya, nikasikia.

"Kwa nini hukubeba ile mpya?"

"Ungempa Travis ya Baba."

Lyle akarudisha kofia kichwani. Alikuwa na uso wa mtu aliyekanyaga mahali akidhani pana sakafu, kumbe hapana.

"Nilikuwa natania, dogo."

"Bega limekufa, Lyle. Tangu ajali. Silimudu."

"Si ungesema?"

Delmar akampa mgongo. Alirudi kambini kwa miguu, akakunja blanketi zake, akaiweka bunduki ya baba yao juu ya kitanda alichokuwa analalia, akawasha pikapu. Lyle alisimama mlangoni. Nilimwambia amzuie, kambi ni yake, sheria aliweka marehemu. Akasema hawezi. Alisema Leonard naye alikuwa na sababu yake, na baba yao hakutaka kuisikia, sasa akimsamehe Delmar atamwambia nini Leonard aliyeko kaburini.

Novemba iliyofuata Delmar aliomba zamu siku ya kwanza ya msimu. Siku hiyo kiwanda kinabaki nusu tupu, hata mabosi wako porini. Msimamizi alidhani kakosea, akamuuliza mara mbili. Niliingia na mimi, sikutaka kwenda kule bila yeye. Mapumziko tulikaa nje nyuma ya ghala, tunakula mkate, na milio ya bunduki ikawa inakuja kutoka upande wa kinamasi, mmoja mmoja. Kila ukilia, bega lake lilikuwa linaruka. Akawa analishika kwa mkono wa kushoto, anaendelea kutafuna.