Ukoka wa Halfani wa Kihesa

Mwaka wa hamsini na sita, pale Kihesa, Iringa, kulikuwa na mtu mmoja aliyeogopwa na kuku kuliko mwewe. Jina lake Halfani, bonge la mtu, mwenye maneno mengi, aliyekuwa mtunza bustani katika nyumba ya mzungu mmoja wa serikali. Kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Alipoona mzungu ana majani mbele ya nyumba, naye akataka majani.

Sasa, kwa watu wa Kihesa uwanja mzuri ni uwanja mtupu: udongo mwekundu uliofagiliwa alfajiri mpaka mistari ya fagio ionekane. Majani mlangoni yana maana mbili tu, nyoka au mke mvivu. Waridi, mkewe Halfani, alikuwa bingwa wa fagio mtaa mzima. Siku mumewe alipofika na gunia la mizizi ya ukoka akaanza kuipanda mbele ya baraza, alilia kama aliyeletewa mke mwenza.

"Baba Jaha, watu watadhani nimekufa."

"Waache wadhani. Watakuja kuomba mbegu."

Hakuna aliyekuja. Mvua zikapita, ukoka ukajaa uwanja wote hadi ukingo wa baraza. Halfani akauzungushia kamba na vigingi, akapiga marufuku mguu wa mtu, wa mbuzi na wa kuku. Watu wa nyumba wakawa wanapita mlango wa uani, kule jikoni, wakazoea.

Kiangazi kikaja. Kufika Oktoba mbwa walikuwa wakigombea kivuli cha nguzo, na hapo ndipo wazimu wa Halfani ulipokamilika. Ukoka haukatwi mfupi wakati wa jua kali, alisema, utaungua mizizi. Basi akauacha mrefu, na kile kidogo alichokata akakitandaza hapo hapo kifunike udongo. Alimwagilia alfajiri tu, tena kwa kushibisha, si kunyunyiza. Maji alichota nani? Jaha, binti yake wa pekee, aliyepanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani huku akiimba, maana alimpenda baba yake pamoja na ujinga wake. Maji ya kijito yalipopungua, Halfani aliweka benchi kando ya kamba, akawakaribisha wanaume waendao msikitini waje kutawadha pale, kila mtu na kopo lake la maji. Sheikh akamsifu kwa ukarimu. Halfani akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku akichungulia maji yameelekea wapi.

Mwezi huo huo ikaja habari ya posa. Mrisho, fundi cherehani wa Mbeya, alimwona Jaha kwenye harusi moja, akarudi kwake hawezi hata kutunga uzi. Wageni wangeongozwa na shangazi yake, Bi Mwamvita, na kwa jina hilo Waridi akakosa usingizi. Ilijulikana kwamba Bi Mwamvita alishamkataa binti wa watu kule Chunya kwa sababu ya gunzi moja alilolikuta chini ya kitanda. Na Jaha alimtaka Mrisho. Alishamwambia mama yake bila kuzunguka.

"Ataona majani mlangoni, aseme sikumfundisha mwanangu kufagia," alisema Waridi, jembe mkononi. "Chagua. Majani au mtoto."

"Watafurahi, Mama Jaha. Nani mwingine ana kijani mwezi huu?"

"Labda waje na mbuzi wao."

Jaha ndiye aliyemnyang'anya mama yake jembe, na mama akanuna hadi siku ya wageni.

Wakafika adhuhuri na lori, wekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu. Bi Mwamvita alitangulia, mnene, kidevu juu. Alipofika kwenye kamba akasimama, na msafara wote ukasimama nyuma yake. Kule Mbeya shemeji yake alishakanyaga majani ya bomani, kwenye ofisi za wazungu, akashindishwa anang'oa magugu juani. Bibi akatazama kulia, akatazama kushoto. Kijani tupu, kutoka kwenye kamba hadi barazani.

"Njia iko wapi?" akauliza.

Halfani, ndani ya kanzu nyeupe, naye akatazama kulia na kushoto. Njia haikuwepo. Miezi yote hiyo alipita jikoni, na haikumjia hata siku moja kwamba watu waliokuja kuposa hawapitishwi jikoni. Ukiwapitisha huko umewatukana, nao watapanda lori lao warudi kwao na mtoto wako atabaki nyumbani.

Jua likawapiga. Mzee mmoja wa msafara akaanza kukohoa kwa makusudi. Waridi alikuwa akimtazama mumewe kwa macho ya kuua. Dirishani, Jaha alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili.

Halfani akang'oa kigingi. Kilimuuma kama jino.

"Karibuni. Piteni juu yake."

"Nikanyage? Nifungwe?" Bi Mwamvita akarudi nyuma. "Tangulia wewe."

Akatangulia. Miaka yote kwa mzungu aliingia kwenye majani akiwa ameinama, mkasi mkononi, na hapa kwake vilevile. Kukaa, hajawahi. Alipofika katikati akakaa, kanzu na kila kitu, na maji ya alfajiri yaliyojificha chini yakapenya mpaka kwenye makalio. Akaruka, akapiga ukelele. Bi Mwamvita akaangua kicheko cha kusikika barabarani. Akavua viatu, akatia miguu yake iliyovimba kwa safari kwenye ule ubichi, akafumba macho.

"Chakula kije hapa hapa," akaamuru. "Baraza lenu hatulitaki."

Pilau ikaja, chai ikaja, majirani wakaja bila kuitwa. Watu walikaa, wakasogea, wakaburuta makalio. Mchuzi ukamwagika, watoto wakabingirika. Waridi ndiye aliyekuwa akihimiza: "Sogeeni, nafasi ipo!" Kufika alasiri ukoka ulikuwa umelala chali. Halfani hakuutazama. Alikuwa akimtazama Jaha anavyopita na sinia.

Bi Mwamvita akaomba jibu. Jaha alipoulizwa aliinamisha kichwa akanyamaza, na hilo kwa desturi ni ndiyo. Ikabaki sauti ya baba.

"Tumekubali," akasema mwishowe, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Makubwa!" Bi Mwamvita akashangaa. "Mkwe, unalilia majani?"

"Majani yataota," alisema Halfani.

Waridi akamimina chai kikombeni. Akamsogezea mumewe.