Bustani ya Mama Mkwe Iliyolambwa na Ng'ombe

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana hata mimi nikipita Songambele navuta kofia usoni, sitaki mtu aniulize habari za bustani ya mama mkwe.

Mimi ni fundi ujenzi pale Kayanga, mtoto wa migomba na kahawa, ng'ombe namjua akiwa sahanini. Sasa moyo si ukanipeleka kwa Koku, binti wa wafugaji wa Songambele! Nikiwa bado najipendekeza kwao, nikamsikia mama yake akilalamika kwamba nyuma ya nyumba zamani palikuwa na josho la kuogeshea ng'ombe, ile dawa ya kupe imelala ardhini mpaka leo, na mchicha wa pale anaogopa kuula. Mdomo wangu ukaniponza: "Mama, niachie mimi. Mpaka siku ya posa utakuwa na bustani safi."

Na ramani niliichora vizuri, msinione hivi! Chini kokoto zilizoshindiliwa, ili jembe likizigonga mtu ajue mwisho ni hapo, juu yake kitambaa kigumu cha kuuzuia ule udongo mbaya usipande, halafu udongo safi wa kufika magotini, mizizi ya mchicha iishie humo humo. Kasoro ikawa huo udongo safi. Kuusomba kutoka kibanjani kwetu, kwenye migomba, niliona mbali, na hapo bondeni kwao kulikuwa na udongo mweupe, laini, hauna jani wala mzizi, nikajiambia usafi ndio huu, nikajaza trela la trekta. (Kwa nini hapakuota hata jani moja sikujiuliza, nilikuwa na haraka ya kuoa.)

Siku ya posa nimepiga suti, wazee wangu wamekaa uani, baba yake Koku anaisifia bustani mbele ya wageni, na mimi kichwa kimevimba. Jioni ng'ombe wake wakarudi. Badala ya kwenda zizini, yule jike wa mbele mwenye mapembe marefu akasimama, akanusa, akageuka, na wenzake nyuma yake. Ua wa fito ukalala chini, wakaanza kuilamba bustani, jamani, kulamba kama walioalikwa, huku wanachimba kwa kwato!

Mzee akasimama. "Udongo huu umeutoa wapi?"

"Bondeni, baba. Ule mweupe."

"Ule wa chumvi? Wanaolamba ng'ombe wangu?"

Mzee akanyoosha kidole kwenye bustani.

"Na chini yake si kuna dawa ya josho?"

Wale ng'ombe ndio maisha ya mzee, mmoja tu akifika chini akailamba ile sumu, basi na Koku nimemkosa. Nikaruka katikati ya mapembe na suti yangu, nasukuma, napiga kelele, hakuna aliyenisikiliza. Yule jike akageuza makalio tu, nikarushwa, nikamwangukia mama mkwe aliyekuwa anakuja na fimbo, tukaenda chini wote wawili, mimi juu. Na kwa desturi za kule, mkwe hata mkono hampi mama mkwe!

"Maawe!" akalia, akajifunika uso kwa kitenge. Nilitamani ardhi inimeze, hata hiyo yenye dawa.

Aliyewatoa ng'ombe ni Koku, na gauni lake la sherehe, kwa mluzi mmoja.

Mzee akaingia bustanini, akainama, akapangua udongo kwa mkono. Kitambaa kilikuwa kimechanika, lakini kokoto hazijasogea, hakuna ng'ombe aliyefika chini. Nilitaka kulia kwa furaha. Akarudi kukaa, akakohoa, akawageukia wazee wangu.

"Kazi yake ya chini ni nzuri," akasema. "Binti tunampa. Ila ng'ombe wa mahari wakija, asiwalete huyu."

Watu wakaangua kicheko, mpaka kile kitenge cha mama mkwe kikawa kinatikisika. Kesho yake nikavua suti, nikauhamisha udongo wote kwa jembe na toroli, nikasomba mwingine kutoka kibanjani kwetu, umbali ule ule nilioukimbia. Na tangu hapo, kabla sijachota udongo wa mahali popote, nauliza kwanza ni nani anaula.